Vespa haina klachi kavu! Mafundi na wauza spea, mnatutia hasara

Asalaam aleikum wadau wa Vespa, Unguja na Pemba.

Uzi huu ni wa hasira, na naomba usifutwe. Kila siku mtu analalama: kabadilisha pleti za klachi, mwezi haujaisha, chombo kinapiga resi lakini hakiendi. Majibu anayopewa ni yale yale: "Umenunua za bei poa, na rahisi inavunja upishi." Hiyo ni nusu ya kweli. Pleti za bei poa zikifungwa kwa adabu zinafanya kazi. Kinachoziua ni kufungwa kama klachi ya gari.

Klachi ya gari ni kavu. Ikiingia oili kidogo tu, inateleza. Pikipiki chache nazo zina klachi kavu, kama baadhi ya Ducati, Moto Guzzi na BMW za zamani. Lakini Vespa za gia za mkononi, iwe PX, LML au Bajaj Chetak, klachi yake inakaa ndani ya oili ya gia. Bitana zake, zile sehemu za hudhurungi zilizogundishwa juu ya pleti, lazima zinywe oili kabla ya kufungwa. Sasa fundi aliyezoea magari anachukua pleti mpya, anazisuuza kwa petroli, anazipiga msasa, anazifuta zikauke tititi, kisha anavalisha. Ukiachia mkono wa klachi mara ya kwanza, bitana kavu inasugua chuma kikavu, inaungua juu na kung'aa kama kioo. Basi, kwisha. Na gundi ya pleti hizi za rahisi ni dhaifu, joto lile linaiachisha na bitana inamomonyoka vipande vipande ndani ya oili.

Dawa yake ni kuziloweka usiku kucha kwenye oili ile ile utakayotia. Fundi anayekwambia "hapana haja, zitalowa humo humo", chukua chombo chako uondoke.

Tuje kwenye oili yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoharibiwa kwa makusudi. PX inataka SAE 30 tupu, yaani ya namba moja tu, ml 250. Si zaidi. Wapo wanaomimina namba 90 ya difu ya gari, eti nzito ndiyo nzuri. Dawa zilizomo kwenye oili ile zimewekwa kulinda meno ya difu yasisagane, na klachi inaishi kwa msuguano! Juu ya hayo inaweza kula sehemu za shaba. Wengine wanatia oili ya injini ya gari ya kisasa, ile iliyoandikwa inabana matumizi ya mafuta: nayo ina dawa ya kutelezesha. Simamisha chombo wima, fungua skrubu ya ujazo penye maandishi OLIO, mimina mpaka ianze kuchuruzika, funga. Kazi ya kipimo imeshafanywa na kiwanda, nyinyi mnakisia kwa kikopo cha nini?

Wauza spea, msidhani mmesalimika. Klachi ya kawaida ya PX ina pleti tatu za bitana na pleti za chuma baina yake. Mnauza zile tatu tu, mteja anarudishiwa vyuma vya zamani vilivyogeuka bluu. Chuma kilichogeuka bluu kimeshapata moto mkali na mara nyingi kimepinda, na kikipinda klachi haikati, yaani haiachii hata ukibana mkono: ukitia gia ya kwanza chombo kinaruka, na frii huipati ukisimama taa za barabarani. Halafu pakiti zinakaa rafuni kwenye hewa hii yetu ya bahari mpaka vyuma vinaota kutu, na mnauza hivyo hivyo.

Mnunuzi, fungua pakiti pale pale dukani. Laza kila pleti juu ya kioo cha kaunta, ibonyeze pembeni, ikicheza, irudishe. Pima unene kwa venia sehemu nne za pleti moja, kisha linganisha na zenzake. Kwaruza ukingo wa bitana kwa ukucha; ikinyanyuka, hiyo haifiki popote. Pitisha kidole kwenye masikio ya pleti za chuma: za rahisi zinatoka na makali ya kukatwa, nayo yanachimba mifereji kwenye bakuli la klachi, lile linalobeba pleti. Makali hayo yanaondoka kwa tupa laini, dakika chache tu. Na hesabu springi za klachi yako kabla ya kutoka nyumbani, kwani zipo za sita, za saba na za nane. Muuzaji akikwambia "zote sawa hizo", hajui anachouza.

Sasa ufungaji. Nati ya klachi ina meno na ina soketi yake maalumu. Si tindo na nyundo! Nati iliyopigwa tindo haikazwi tena sawasawa, ikilegea inakata kii ya nusu mwezi, kile kichuma kinachofunga klachi kwenye krenki, na hapo unaitafuta krenki, si pleti. Ikaze Nm 40 hadi 45, kisha kunja washa ya kufungia. Washa ya zamani iliyokwishakunjwa mara mbili tatu itupwe. Bakuli lenye mifereji mirefu nalo libadilishwe, maana pleti zinanasa humo na hakuna marekebisho ya waya yatakayozinasua. Kitufe cha shaba ndani ya kava, kile kinachobonyeza klachi, kikiwa kimelika, badilisha. Oringi ya kava pia, bei yake haifikii chai na maandazi.

Kuna ujanja mwingine unaniudhi kuliko yote: klachi ikiteleza, fundi anatia springi ngumu. Inashika kweli, kwa muda. Mkono unakuwa mzito, waya unakatika, kitufe kinasagika, na chanzo kiko pale pale.

Na chanzo mara nyingine si klachi kabisa. Ekzosi ikitoa moshi mweupe mzito na oili ya gia inapungua bila kuvuja nje, sili ya krenki upande wa klachi imekufa. Injini inainywa oili. Oili ya gia ikinuka petroli, sili hiyo hiyo, safari hii petroli inaingia upande wa pili na kuifanya oili kuwa maji. Funga pleti za dhahabu ukitaka, zitaungua tu. Harufu ya oili inayotoka inatakiwa inuswe kabla ya kumwagwa, na sijui wangapi wanafanya hivyo.

Mkishamaliza, acheni mchezo wa kama mm 2 kwenye mkono wa klachi. Waya ukivutwa mno, klachi inabaki imeachia nusu muda wote, kama vile umebana mkono. Na msijaribu chombo kwenye barabara tambarare za mjini Unguja halafu mkasema kimepona, tambarare inaficha klachi mbovu. Pakia mtu, tafuta mlima, gia ya tatu, fungua mafuta. Wenzetu wa Pemba hilo hawahitaji kuambiwa, vilima vyao vinatoa majibu kabla ya kufika Chake.

Wauza spea na mafundi mliomo humu, msije na "inategemea". Jibuni mawili tu: kwa nini seti inavunjwa na kuuzwa nusu, na nani kati yenu ana ile soketi ya nati ya klachi?