Wasimulizi wa historia, acheni kuikata hadithi ya Inanna!

Wanajamvi salaam. Mods, naomba uzi huu usihamishiwe jukwaa la dini. Hii ni historia.

Jana nimechoma bando kusikiliza podikasti moja ya Kiswahili, siitaji jina, iliyoahidi kutusimulia Inanna mwanzo mwisho. Inanna, kwa msiomjua, ni mungu wa kike wa Wasumeri, wa mapenzi na vita, mwenye hekalu kubwa mjini Uruk, kusini mwa Iraki ya leo. Msimulizi ana sauti, sikatai. Akaeleza vizuri bibi yule alivyoshuka kuzimu kwa dada yake Ereshkigal, akavuliwa kitu kimoja kimoja kwenye malango saba, akageuzwa maiti na kutundikwa kwenye kulabu. Nikaongeza sauti. Jamaa akamalizia kwamba walitumwa malaika wawili wakamfufua, basi.

Malaika wametoka wapi Sumeri?

Vibao vya udongo vinasema hivi: mungu Enki alikwangua uchafu wa kwenye kucha zake, akafinyanga viumbe wawili, kurgara na galatura. Wakapenya mlangoni kama nzi. Walimkuta Ereshkigal anagugumia kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Kila akilia kwa maumivu ya tumbo, na wao wanalia naye. Akafurahi, akawapa mto mzima wa maji, wakakataa. Akawapa shamba la nafaka, wakakataa. Wakasema: tupe ile maiti pale kwenye kulabu. Ndiyo roho ya hadithi yote, na ndiyo iliyokatwa!

Imekatwa kwa sababu majina hayo, kurgara na galatura, ni ya watumishi wa ibada ya Inanna, watu wasiokaa sawasawa upande wa wanaume wala wa wanawake. Magala, waimbaji wa hekaluni ambao jina lao limo ndani ya galatura, waliimba maombolezo kwa Kisumeri kile ambacho kwenye tenzi huwekwa vinywani mwa wanawake na miungu wa kike. Wimbo wa mfalme Iddin-Dagan wa Isin unaonyesha maandamano mbele ya Inanna, watu wamevaa upande mmoja nguo za kiume, upande wa pili za kike. Na utenzi unaonasibishwa na Enheduanna, binti wa Sargon wa Akkad na kuhani wa kike mjini Ur, unamwambia Inanna waziwazi kwamba kumgeuza mwanamume kuwa mwanamke na mwanamke kuwa mwanamume ni uwezo wake.

Nimeuliza kwenye maoni kwa adabu zote. Nikajibiwa wanalinda maadili ya wasikilizaji, kisha swali likafutwa. Yaani maiti kwenye kulabu ina maadili, kurgara hana!

Na nyie wa upande wa pili msicheke, mnaoposti kila siku kwamba zamani watu hawa waliishi kama wafalme. Someni toleo la hadithi hii kwa Kiakadi, lugha nyingine ya Iraki ya kale. Humo mwokozi anaitwa Asushunamir, na malipo yake ni laana ya Ereshkigal: ale makombo ya mjini, anywe maji ya mifereji, makazi yake yawe kivuli cha ukuta. Roma nao mwaka 204 KK, wakiwa wamebanwa na Hannibal, jemadari wa Karthago, walimleta mungu mama Cybele kutoka Asia Ndogo kwa heshima zote, huku raia wa Roma wakikatazwa kuwa galli, makuhani wake waliojihasi. Mungu wanamtaka, watumishi wake hawawataki.

Kama hadithi inakutisha, iache, simulia ya Hannibal na tembo wake. Ukiichukua, isimulie na kucha za Enki zikiwa chafu.

Na wale mliokwisha anza kuandika hapo chini kwamba haya mambo yameletwa juzi na wazungu, nitajieni kwanza Uruk iko jimbo gani la Marekani.