Udaktari au sheria? Naombeni ushauri, binti yangu anachagua chuo

Wakuu habari zenu. Nipo Dodoma, nauza nafaka soko la Majengo. Binti yangu amemaliza kidato cha sita PCB (fizikia, kemia na biolojia) na amefaulu vizuri. Baba yake anataka asome udaktari. Yeye mwenyewe moyo uko kwenye sheria.

Udaktari ni miaka mitano darasani na mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ndipo upate leseni kamili. Ada ni kubwa, na kama mkopo wa Bodi ya Mikopo hautatosha itabidi tuuze kiwanja cha Nala. Hilo ningelifanya bila kusita kama ajira ingekuwa ya uhakika, lakini hapa mtaani nawaona madaktari vijana wanajitolea huku wakisubiri ajira za serikali.

Sheria nayo inanitisha. Ukimaliza shahada, ili uwe wakili lazima upite Shule ya Sheria, Dar es Salaam. Mwaka 2022 kati ya wanafunzi 633 walifaulu 26 tu, nchi nzima ikashangaa. Mwanangu ni msomaji, ila namba hiyo hainitoki kichwani.

Mliosoma sheria, mliishia wapi? Kuna maisha nje ya uwakili, kwenye halmashauri au benki? Na ninyi madaktari, mlikaa muda gani kabla ya kuajiriwa? Naomba mnijibu kwa mliyoyapitia wenyewe, maana dirisha la maombi halitusubiri na nyumbani hatujaelewana.