Nafasi ya mshono: niongeze kiasi gani, na upande upi?

Mwanafunzi wa Cherehani:
Habari zenu, mafundi. Nimeshona blauzi yangu ya kwanza ya kitenge, isiyo na mikono, nayo imekataa kupita kifuani. Nilijipima kifua nikapata sentimita 92, nikagawa kwa 4, nikakata kila robo sentimita 23 kamili, kisha nikashona sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Naomba mnielekeze nilipokosea.

Fundi wa Magauni:
Pole, dada. Kugawa umegawa vizuri, ila mshono umekula kitambaa. Mishono miwili ya ubavuni ina kingo nne, na kila ukingo ukipoteza sentimita 1.5, kifua hupungua sentimita 6, kikabaki 86. Isitoshe, iko nafasi nyingine ambayo wanaoanza huichanganya na hiyo ya mshono, nayo ni ya kupumua: kitenge hakivutiki, kwa hiyo blauzi ya 92 juu ya mwili wa 92 ingekubana vilevile. Anza kwa kuongeza 8 za kupumua, upate 100; robo yake ni 25. Chora mstari huo kwa chaki, ndipo uongeze 1.5 nje yake na ukate kwenye 26.5. Mstari wa ndani ndio wa kushonea.

Mshonaji wa Nyumbani:
Nakubaliana na fundi, ingawa ubavuni mimi huacha 2.5, kwa sababu mwili hubadilika na nguo isiyo na akiba ndani haifumuliki ikapanuliwa. Shingoni na kwapani sentimita 1 inatosha, maana ukingo wa mviringo ukiwa mpana hukataa kulala mpaka uukatekate.

Mwanafunzi wa Cherehani:
Nashukuru sana. Mbele na nyuma nilikata kitambaa kikiwa kimekunjwa katikati. Je, kwenye mkunjo pia niongeze?

Fundi wa Magauni:
Hapana, kwa kuwa pale hapana mshono, ukiongeza 1.5 kwenye mkunjo, kitambaa kikikunjuliwa unakuta kipande kimepanuka sentimita 3. Ukitaka zipu mgongoni ni habari nyingine, kwani hapo utakata vipande viwili na kukiongezea kila kimoja 2. Blauzi yako usiitupe: kama kitenge kimebaki, fumua ubavuni na uunge kila upande kipande cha upana wa sentimita 10, kuanzia kwapani hadi chini. Ukishona 1.5 kila ukingo kitabaki 7, na pande mbili zitakurudishia zile 14 zilizopungua, yaani 6 za mshono na 8 za kupumua.