Muswada wangu wa mihogo umerudishwa siku ya nne. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Koboko

Ndugu zangu, naomba msaada wa mtu aliyewahi kupitia hili. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu ugonjwa wa michirizi kahawia kwenye mihogo. Nilipanda aina nne, yaani mbili zilizoboreshwa na watafiti, NASE 14 na NAROCASS 1, na mbili za kienyeji zinazopendwa huku kwetu, katika shamba la mzee mmoja nje kidogo ya mji wa Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda. Niligawa shamba sehemu tatu, yaani bloki tatu, na kila aina ikapata ploti moja, kipande chake kidogo, katika kila bloki, zote zikipangwa kwa kura. Katika kila ploti nilichagua mimea 20 ya katikati, nikawa nakagua majani yake kila mwezi na kuyapa alama 1 hadi 5 kwa ukali wa dalili. Mwezi wa 12 tuling'oa. Mimea 240, na kila muhogo niliukata mwenyewe vipande vipande na kuupa alama ya uozo.

Kuna kitu sijakisahau. Mimea mingine ilikuwa na majani ya kijani hadi unafurahi kuitazama, lakini ukikata muhogo wake unakuta mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Mzee alishika kipande kimoja akakigeuzageuza, kisha akasema, "Na hii ndiyo mbegu niliyowagawia majirani."

Muswada nimeuandika miezi mitano, usiku, maana mchana nafundisha. Kurasa 41. Jumatatu nikautuma kwa jarida moja la nje, Ijumaa ukarudi bila kufika kwa wahakiki. Mhariri ametaja mambo matatu: ni mrefu mno, mahali pa jaribio hapajaelezwa vya kutosha, na marudio ya jaribio hayaeleweki. Hilo la tatu ndilo linaninyima usingizi, kwa sababu nilidhani marudio ndiyo niliyo nayo kwa wingi.

Wakati huohuo jarida jingine limeniandikia barua pepe kwamba litanichapisha kwa saa 72 nikilipa dola 150. Rafiki ananiambia nilipe yaishe. Mnasemaje?

Kijana wa Gulu

Usilipe, ndugu yangu. Uhakiki wa kweli hauishi kwa saa 72, mhakiki mmoja tu hupewa wiki kadhaa. Nina jamaa alilipa namna hiyo. Makala yake ilitoka na makosa yake yote, na alipoomba waiondoe ili aitengeneze aipeleke kwingine, hakujibiwa tena. Angalia kwanza kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika mtandaoni, na kama wahariri wake ni watu unaoweza kuwapata kwenye kurasa za vyuo vyao. African Crop Science Journal lilianza 1993 na nyumbani kwake ni Makerere. Soma makala zake tatu nne za mihogo kabla hujaandika upya.

Mama Pingili, Tororo

Pole, mwanangu. Nimehakiki miswada ya mazao kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilirudishiwa ya kwangu. Wa kwanza ulikuwa wa maharage, na ulirudi kwa kosa ambalo nadhani ndilo lako, kwa hiyo naanza na hilo la tatu.

Fungua jedwali lako la anova, lile la kulinganisha wastani wa aina zako. Nadhani kwenye mstari wa makosa digrii za uhuru, yaani idadi ya taarifa huru ulizo nazo, zimeandikwa 236. Kama ni hivyo, umehesabu kila mmea kuwa rudio. Lakini wewe hukuupigia kura mmea, uliipigia kura ploti. Mimea 20 ya ploti moja imekula udongo mmoja, imenyeshewa mvua moja, na inzi weupe waliotoka mmea wa kwanza ndio haohao waliotua wa pili. Ni mashahidi 20 wa nyumba moja. Marudio yako ni matatu, basi. Chukua wastani wa kila ploti, ubaki na namba 12. Digrii zako zote ni 11: tatu za aina, mbili za bloki, sita za makosa. Kuna tofauti zitakazopotea, na itakuuma. Mimi nililia. Zitakazobaki utaweza kuzitetea mbele ya mhakiki yeyote.

Alama zako nazo ziangalie. Alama 1 ni mmea usio na dalili. Ukiiingiza kwenye wastani wa ukali, unachanganya mambo mawili: mimea mingapi imeugua, na iliyougua imeugua kiasi gani. Toa asilimia ya iliyougua peke yake, kisha wastani wa ukali kwa yenye alama 2 kwenda juu.

Sasa swali ambalo mhariri hakukuuliza, lakini mhakiki wa mihogo hataliacha: pingili, yaani vipande vya shina ulivyopanda, ulizitoa wapi? Virusi vya ugonjwa huu vinaenezwa na inzi weupe, na pia vinasafiri ndani ya pingili yenyewe. Kama za NASE 14 na NAROCASS 1 zilitoka kituo cha utafiti zikiwa safi, na za kienyeji zilitoka kwa huyo mzee, basi hukushindanisha aina na aina tu. Ulishindanisha pia mbegu safi na mbegu iliyokwisha kuugua. Hilo haliui kazi yako, ila linapunguza unachoweza kudai, na lazima uliandike wazi kwenye sehemu ya mbinu. Ukilinyamazia, mhakiki akaligundua mwenyewe, hataamini tena hata yale uliyofanya vizuri.

Mahali pa jaribio, aya moja inatosha: latitudo na longitudo, mwinuko, mvua ya kila mwezi kwa miezi yote 12, aina ya udongo, zao lililotangulia, tarehe ya kupanda, nafasi kati ya mimea.

Kurasa 41 ni tasnifu hiyo. Usiikate kwa mkasi, iweke kando. Tengeneza majedwali mawili na mchoro mmoja, uandike matokeo ukiyatazama, kisha mbinu zilizoyazaa, kisha mjadala. Utangulizi na ikisiri vije mwisho. Na nakuomba sana, usifungue na "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa". Msomaji wa jarida la mazao analijua. Fungua na ugonjwa: ulielezwa 1936 kutoka Amani, huko Tanga. Kwa miongo mingi ukahesabiwa kuwa wa pwani na nyanda za chini, hadi 2004 ulipoonekana tena hapa Uganda, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Mistari minne tu, na mtu ameshaelewa kwa nini Koboko inamhusu.

Halafu niambie: yale majani ya kijani juu ya muhogo uliooza, umeyaweka ukurasa wa ngapi?

Mkutubi wa Kampala

Naongeza la pesa. Uganda iko Kundi A la Research4Life, mpango wa kuzipa nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu, na wachapishaji wengi wakubwa husamehe ada ya uchapishaji kwa waandishi wa kundi hilo. Soma masharti ya jarida na uombe msamaha wakati wa kuwasilisha, usingoje hadi ankara ifike. Tena, maneno ya yule mzee ni mazuri, lakini kama hukuwa na kibali cha kamati ya maadili cha kuhoji wakulima, yasiingie kwenye makala kama data. Mshukuru mwishoni, kwa ridhaa yake.

Mwalimu wa Koboko

Ni 236, Mama. Nilipoiona nikafunga kompyuta nikatoka nje kwanza.

Nimerudia hesabu usiku kucha kwa namba 12. Tofauti kati ya NASE 14 na NAROCASS 1, niliyoiandikia kurasa sita, imekwisha kabisa. Tofauti ya uozo wa mihogo kati ya hizo mbili na zile za kienyeji imebaki. Na pingili ni kama ulivyosema, za kienyeji zilitoka shamba la mzee mwenyewe, nyingine nilizichukua kituoni. Kwa hiyo ile sentensi ya "aina za kienyeji hazistahimili ugonjwa" nimeifuta. Nimeandika kwamba zikipandwa kwa pingili ambazo wakulima wanazo sasa, zinaoza kiasi hiki.

Majani ya kijani yalikuwa ukurasa wa 27. Nimeyaleta kwenye aya ya kwanza ya matokeo, na jedwali lake: mimea mingapi ilipata alama 1 kwenye majani huku mihogo yake ina alama 3 au zaidi.

Barua ya dola 150 nimeifuta. Jumamosi napanda boda kwenda kwa mzee nikachukue vipimo vya mahali kwa simu, nimwombe ridhaa ya kumtaja, na nimuulize shamba lilikuwa na nini kabla yetu. Mimi nakumbuka simsim tu. Yeye atakumbuka hadi mwezi.