Picha za watoto: kitabu, kozi ya mtandaoni au mafunzo ya ultrasaundi?

Mtafuta_Elimu: Wakuu, habari za kazi. Nataka kujifunza misingi ya kusoma picha za hospitali za watoto, eksirei na ultrasaundi. Kuna kitabu cha radiolojia ya watoto, kuna kozi ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi, na kuna mafunzo ya ultrasaundi ya wiki mbili mjini. Hela inatosha kimoja tu na mwisho wa kulipia ni mwezi huu. Nichukue kipi?

MzeeWaFilamu: Swali limekuja nusu, mkuu. Wewe ni mtaalamu wa mionzi, tabibu au daktari? Kituoni kwenu kuna mashine gani?

MamaNeema: Kitabu. Bando likiisha kitabu bado kipo. Chukua kiwiko tu: vituo vya mifupa, yaani sehemu ambapo gegedu huanza kugeuka mfupa, vinatokea kwa zamu, cha kwanza kwenye umri wa mwaka mmoja hivi, cha mwisho karibu miaka 11. Asiyejua zamu hiyo ataita kila kipande mvunjiko. Na ukiona kituo kiitwacho troklea kimeshatokea lakini kile cha upande wa ndani wa kiwiko, kinachotakiwa kukitangulia, hakipo mahali pake, kitafute ndani ya kiungo, huenda kimeng'oka. Hayo yanataka kurudiwa na picha ikiwa mezani.

Kapera_TZ: Ultrasaundi, mdau! Haina mionzi. Mtoto wa wiki 5 anatapika kwa kuruka, unapima unene wa msuli wa mlango wa kutokea tumboni, ukizidi milimita 3 una jibu: mlango umebana. Utumbo ulioingia ndani ya utumbo unauona duara ndani ya duara.

MzeeWaFilamu: Mkono wa wiki mbili hautoshi kwa hayo, Kapera. Na matapishi yakiwa ya kijani, usikae unatafuta picha nzuri. Huyo ni wa rufaa haraka, utumbo unaweza kuwa umejisokota.

DkPwani: Niwaeleze niliyoyaona kituo kimoja, sikitaji. Mtoto wa miezi 5, kikohozi. Eksirei ya kifua ilipigwa akilia, amepinda upande, hewa imeshatoka. Juu kulia kukawa na kivuli, ripoti ikaandikwa "uvimbe kifuani". Mama akaambiwa atafute hela ya CT, eksirei ya tabaka kwa tabaka, mjini. Wakauza mbuzi, wakapanda basi usiku na mtoto anayenyonya. Kule daktari wa radiolojia aliishika filamu, akaangalia: kivuli kina umbo la tanga, ukingo wake una mawimbi pale mbavu zinapougusa, na koo la hewa halijasukumwa. Akaweka ultrasaundi juu ya kifua. Ilikuwa tezi ya thaimasi, ambayo kila mtoto mchanga anayo. CT haikupigwa. Lakini mbuzi hawakurudi, na mama yule alikuwa ameshalia siku nzima akijua mwanawe ana saratani. Kwa hiyo usianze na magonjwa. Anza na picha ya mtoto asiye na ugonjwa.

Sakina_Rad: Pole sana kwa mama huyo. Mimi ningeanza na epuroni ya risasi ya kufunika nyonga za watoto.

MzeeWaFilamu: Sakina, chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kilishauri 2019 kuacha kufunika kwa mazoea. Risasi inaweza kuficha unachokitafuta, na ikikaa juu ya kihisio kinachopima kama mionzi imetosha, mashine inaongeza mionzi. Bana mwale uishie pale unapopiga.

Sakina_Rad: Mzazi akiona mtoto hajafunikwa anagoma. Wewe utamweleza?

MzeeWaFilamu: Namweleza kila siku, na wananielewa.

Mtafuta_Elimu: Samahanini, zamu ilinibana. Mimi ni tabibu, kituo cha afya. Eksirei ya dijitali ipo, ultrasaundi ina probu (kile kishikio kinachowekwa mwilini) ya tumbo tu, ile ya wajawazito.

MamaNeema: Basi mafunzo ya ultrasaundi yasubiri, probu hiyo haifai kwa vitu vidogo vya mtoto.

Kapera_TZ: Yasubiri kwa nini? Probu hununuliwa.

DkPwani: Kabla ya kulipa popote, ingia Radiopaedia, tovuti ya picha za hospitali, kesi za watoto zipo bure. Andika jibu lako kwanza, ndipo ufungue maelezo.

MzeeWaFilamu: Tabibu, hiyo eksirei yenu gridi, ule wavu wa kuchuja mionzi iliyotawanyika, inatoka? Kwa watoto wadogo haihitajiki, inaongeza mionzi bure.

Mtafuta_Elimu: Sijui mkuu. Kesho namuuliza mtu wa mionzi.