Dawa ya saratani ya damu imegoma kwa mzee, nataka kumbadilishia. Wajuzi naombeni dozi

Sakina_Juu
Wakuu shikamooni, na wa rika langu habari za jioni. Mzee wangu yuko Machame, ana saratani ya damu aina ya CML, huu mwaka wa tatu. Anameza imatinibu miligramu 400 kila siku baada ya chakula na ilimkubali kabisa. Mwaka jana kipimo cha BCR-ABL, kile kinachoonyesha saratani iliyobaki kwenye damu, kilisoma asilimia 0.07. Juzi kimesoma 1.3. Nimesoma kwamba saratani huwa inaizoea dawa, na kwamba ipo dasatinibu, kali zaidi. Kuna mtu wa kunipitishia Namanga, nusu ya hela anayo. Nauliza kitu kimoja tu: aanze na 100 au 140? Mahubiri hapana.

Mangi_Njoro
Pole sana mkuu. Ila Machame yote ile mnakosaje majani ya mstafeli? Chemsha, mzee anywe asubuhi na jioni. Na mbege apumzike kwanza.

Bi_Maabara
Asichemshiwe chochote, tafadhali. Sakina, kipimo hiki hupepesuka, leo kikasoma mara mbili ya jana bila seli kuongezeka. Ila 0.07 kwenda 1.3 ni zaidi ya mara 18, hiyo si kupepesuka. Mgonjwa aliyepita mwaka mmoja kwenye dawa tunataka awe 0.1 au chini. Akivuka 1 tunahesabu matibabu yameshindwa. Majibu yote mawili yametoka maabara moja? Yameandikwa kwa kipimo cha kimataifa? Na anameza dawa gani nyingine?

Sakina_Juu
Maabara ni ileile na fomu imeandikwa IS. Dawa nyingine hana za maana, ni vidonge vya kawaida tu vya kituo cha afya. Tusitoke kwenye mada: 100 au 140?

Famasia_Kaloleni
Mada ndiyo hiyohiyo. CML inaanza pale kipande cha kromosomu ya 9 kinapobadilishana na cha 22. Jeni mbili zinaungana, linatoka protini la BCR-ABL ambalo linaiamuru seli igawanyike bila kupumzika. Protini hilo lina kijishimo ambamo ATP (nishati ya seli) inaingia ili lifanye kazi, na imatinibu inakaa humo humo. Seli ikibadilisha asidi amino moja, ya 315, kutoka threonini kuwa isoleusini, dawa inakosa pa kujishikiza na pia inazuiwa na umbo nene la hiyo isoleusini. Hiyo ndiyo T315I, iliripotiwa 2001, mwaka uleule imatinibu ilipopitishwa Marekani. Sasa sikia: T315I inaigomea dasatinibu pia, na nilotinibu. Inayoiweza ni ponatinibu au asiminibu. Kwa hiyo ukinunua dasatinibu bila kupima mabadiliko ya jeni unacheza bahati nasibu.

Usugu wa namna nyingine ndio unaotokea zaidi mitaani, na jeni haihusiki kabisa: dawa ya kutosha haifiki kwenye damu. Mgonjwa anaruka siku, anagawa kidonge kwa sababu macho yanavimba na misuli inakaza, au kuna dawa nyingine inaimaliza. Hivyo vidonge vya kawaida ni vipi? Kifafa? ARV? TB?

Kijenge_Boy
Mtu kaulizwa mara mbili, karuka mara mbili.

Sakina_Juu
Haya. Ana TB ya mapafu, huu mwezi wa tatu wa dawa. Kliniki ya damu Moshi hawajui. Mzee mwenyewe alikataa wasiambiwe, aliogopa wataisimamisha imatinibu. TB ni kifua, saratani ni damu, sikuona zinakutana wapi. Ndiyo maana nataka dasatinibu, ikimalizana na damu hata TB inakuwa nyepesi.

Famasia_Kaloleni
Zinakutana kwenye ini. Rifampisini, iliyomo kwenye hizo dawa zake za TB, inaliamuru ini litengeneze kwa wingi kimeng'enya cha CYP3A4, na hicho ndicho kinachovunja imatinibu. Ini la mzee limeajiri wafagiaji wapya kila kona. Imatinibu inayobaki kwenye damu inapungua kwa karibu asilimia 74. Yaani anameza 400, mwili unaionja kama 100 na ushee.

Dasatinibu inapita njia ileile na inafagiwa zaidi, karibu asilimia 82. Iwe 100 iwe 140, zinaishia palepale. Juu ya hapo, dasatinibu inajaza maji kwenye utando wa mapafu. Mgonjwa wa TB akianza kuhema, nani atajua ni TB au ni dawa?

Mirerani_Original
Jamani hii ni CHAI. CML, halafu rifampisini, halafu "hakuwaambia kliniki"? Hili ni swali la mtihani wa famakolojia, mwaka wa tatu. Dogo katuma asainimenti, mnamjibia bure. Na kama saratani imerudi kweli, mbona mzee hajavimba bandama?

Kijenge_Boy
Mi niliona chai tokea kwa yule mtu wa Namanga.

Sakina_Juu
Mungu awasamehe. Mzee ana kilo 52, anameza vidonge vitatu vyekundu asubuhi kabla ya kula. Mkojo rangi ya Fanta, mama alidhani ni damu na singlendi zake zote zimepata madoa. Seli nyeupe 6.8, bandama haishikiki. Chai gani hiyo?

Mirerani_Original
Seli nyeupe 6.8 ni kawaida kabisa! Saratani iko wapi? Umejifunga mwenyewe.

Bi_Maabara
Hajajifunga. Picha ya damu ndiyo ya mwisho kuharibika. PCR, ndiyo hicho kipimo cha BCR-ABL, inaona nakala zake hata zikiwa moja kati ya elfu nyingi, wiki au miezi kabla seli nyeupe hazijapanda. Na vidonge vitatu kwa kilo 52 ndiyo dozi yenyewe. Iwe chai au isiwe, kuna mwingine atausoma uzi huu akiwa na pakiti zote mbili mkononi.

Mangi_Njoro
Balungi je? Nasikia linazuia hicho kimeng'enya. Rifampisini inafagia, balungi linakamata fagio, ngoma droo.

Famasia_Kaloleni
Balungi linazuia zaidi kimeng'enya cha utumbo, na nguvu yake haifanani tunda kwa tunda. Aliache kabisa.

Sakina, kesho usisimamishe chochote. TB ikikatizwa mwezi wa tatu unamtengenezea mzee TB sugu, na kikohozi chake kiko na wajukuu. Imatinibu nayo usiipandishe mwenyewe. Beba kadi ya TB, pakiti zote mbili na majibu yote mawili ya BCR-ABL, uandike tarehe aliyoanza rifampisini. Kliniki ya damu na ya TB waongee. Njia wanazo: kupandisha imatinibu angalau kwa nusu, yaani 600, huku wakipima damu mara kwa mara, au kubadilisha rifampisini kwa rifabutini, ambayo haifagii kwa nguvu ile. PCR irudiwe baada ya hapo. Ikigoma kushuka huku dawa inafika, ndipo mabadiliko ya jeni yapimwe.

Sakina_Juu
Na huyu wa Namanga? Kashapokea nusu, anasema mzigo uko njiani.

Kijenge_Boy
Hiyo nusu iage.

Bi_Maabara
Usimmalizie. Na siku TB ikiisha rudi kliniki upya: rifampisini ikisimama, ini linachukua kama wiki mbili kutulia. Mzee akibaki kwenye 600 bila kuangaliwa, dawa inamzidi na neutrofili (seli nyeupe za kinga) zinashuka. Tarehe hiyo iandikeni kwenye kadi tangu sasa.