Kupima magugu maji Ghuba ya Mwanza bila kupakua picha zote za setilaiti

BintiLuchelele:
Habari za humu wakuu. Nataka kuonyesha magugu maji yalivyohamahama Ghuba ya Mwanza, toka Kirumba hadi Kigongo na Busisi, mwezi kwa mwezi tangu 2018. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, hilo najua. Shida faili moja linakaribia GB nzima, na kwa bando la simu na laptopu yangu ya RAM 4 nitazeeka kabla mwaka mmoja haujaisha. Bora nipande Jiwe la Bismarck niyahesabu kwa macho! Nyie mnafanyaje?

Kamongo:
Usipakue picha, dada. Ziache kwenye seva, wewe peleka hesabu. Fungua akaunti ya Google Earth Engine (utafiti usio wa biashara haulipiwi), chora mpaka wa ghuba, kisha skripti ichuje tarehe, iondoe mawingu na ikokotoe NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) kwa bendi ya 8 (infraredi) na ya 4 (nyekundu). Jani hurudisha mwanga wa infraredi, maji huumeza, kwa hiyo magugu yanaonekana wazi. Kitakachokuja kwako ni jedwali la hekta, kilobaiti chache tu.

BintiLuchelele:
Kumbe! Na masika, wingu likitanda wiki nzima? Halafu ule mwani wa kijani si utahesabiwa kama magugu?

Furu_wa_Mwaloni:
Utahesabiwa, tena wengi wanateleza hapo. Pandisha kizingiti cha NDVI (kiwango cha chini cha kuhesabu kitu kuwa gugu), halafu linganisha na tarehe ambazo wavuvi wanakumbuka mitumbwi ilishindwa kutoka. Hakuna seva itakayokupa hilo. Masika tumia rada ya Sentinel-1, inapenya mawingu, ila siku ya upepo mkali mawimbi nayo hung'aa. Na setilaiti yake moja, Sentinel-1B, iliharibika Desemba 2021, usishangae picha zikipungua kuanzia hapo.

Mimi binafsi sipendi kufungwa na kampuni moja. Angalia openEO, mfumo huria: skripti ileile unaweza kuiendesha kwenye seva za Copernicus (mpango wa Ulaya wenye hizo Sentinel) au kwingine, bila kuandika upya kila kitu.

Kamongo:
Kweli, ila kwa anayeanza Earth Engine ina mifano mingi zaidi. Ukimaliza, jedwali na skripti viweke Zenodo (hifadhi ya data mtandaoni) upate DOI, yaani namba ya kudumu ya kuvitambua. Data za ziwa hili zimefia kwenye flashi za watu vya kutosha.

BintiLuchelele:
Sawa mkuu. Tarehe za wavuvi ninazo kwenye daftari, naanza kuziingiza leo.